Chuma za Paluku

Baba mdogo Kasereka tumemzika juma lililopita, na kwenye matanga yake kila kijana alikuwa ameinua simu. Siku hizi wanachukua kila kitu: jeneza, padri, mama wanaolia, hata sufuria za maharagi jikoni. Nilikaa pembeni kwenye kiti cha plastiki nikiwatazama, nikajiambia, chukueni, chukueni sana, hizo simu zenu hazijai. Kisha mmoja wao, mtoto wa mdogo wangu, akaniletea simu mpaka mdomoni. "Tantine Masika, sema kidogo juu ya kizee." Nikasema alikuwa mtu wa kusema mengi. Watu wakacheka, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu walidhani ninamsifu. Sikuwa ninamsifu. Nina uchungu naye tangu ujana wangu, na ubaya wenyewe ni kwamba hakunikosea kwa makusudi, hakujua kitu, na sikumwambia kamwe. Sasa hayupo wa kuumizwa na maneno yangu, kwa hiyo nitasema.

Mwaka ule Butembo na Beni zilikuwa mikononi mwa waasi. Kinshasa ilikuwa imegeuka nchi ya ng'ambo. Barua haziendi, ndege haziji, na mtumishi wa serikali ambaye vita ilimkuta huku alibaki huku. Ndivyo mwalimu Kabeya alivyobaki kwetu. Alikuwa Muluba wa Kasai, mwalimu wa hesabu, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni. Alipanga chumba cha nyuma cha nyumba yetu kule mtaa wa Mususa, kile ambacho dirisha lake linatazama choo. Humo mlikuwa na kitanda, ndoo, mashati mawili kwenye msumari, na juu ya sanduku lake redio-kaseti iliyofunikwa kitambaa safi, namna mama wanavyofunika mkate. Na kaseti moja. Moja tu. Rafiki yake wa shule alimrekodia kutoka kwenye santuri za Mumarekani mmoja, mpiga ngoma wa jazi, fundi kweli kweli, ambaye akiacha ngoma anasimama mbele ya vibrafoni. Sisi hatukujua vibrafoni ni nini. Mwalimu akatueleza: ni kama madimba ya kwao Kasai, ila mahali pa mbao kuna vyuma, na ukigonga, sauti inabaki hewani inatetemeka kabla haijafa. Mimi nilikuwa nimemaliza shule na sina pa kwenda. Kaka yangu Paluku alikuwa soudeur, anachomea milango ya chuma kwa wafanyabiashara wa mtaa wa Kimemi. Jumapili, baada ya misa ya pili na bundu, ugali wetu wa muhogo, na sombe, sisi watatu tulifunga mlango wa kile chumba tukasikiliza.

Kusikiliza kulikuwa kazi. Tangu Jumamosi mawe ya redio, zile betri, tulikuwa tumeyaanika juu ya bati ili yapate nguvu kidogo, kama ukungu wa Butembo ulikubali jua lipite. Mwalimu hakutaka mtu aongee, hakutaka mguu upige chini. "Kucheza ni kisha," alisema. "Kwanza musikie. Na musisikie pahali anapiga. Musikie pahali anaacha kupiga." Mwanzoni niliona ni wazimu wa watu waliosoma. Muziki tuliojua sisi ulikuwa gitaa tamu na watu wanaoitana majina, unacheza, basi. Huyu Mumarekani alikuwa kama mtu anayezungumza na nafsi yake jikoni: anaanza sentensi, anaiacha, anagusa sahani, anarudi kwenye neno lile lile kwa mlango mwingine. Kwenye vibrafoni alikuwa mchoyo. Angeweza kukupa noti kumi akakupa mbili, halafu akakuachia ule mtetemo usikilize mpaka uone aibu kwa kutaka zaidi. Nilikuwa msichana mwenye hasira, nchi imefungwa pande zote, na mara ya kwanza katika maisha yangu mtu alikuwa ananionyesha kwamba kunyamaza kunaweza kuwa kazi ya mikono.

Kulikuwa na wimbo mmoja ambao ngoma na vibrafoni zinakwenda pamoja, na juu ya huo Paluku na mwalimu waligombana miezi. "Hapa ni batu babili, maître," Paluku alisema. Mwalimu akakataa. "Ni yeye moja. Alipiga ngoma kwanza, bakaikamata ku santuri, kisha akarudia akapiga chuma juu ya ngoma yake mwenyewe." Paluku akatikisa kichwa. "Hapa huyu wa chuma anamungoja ule wa ngoma. Mutu hawezi kujingoja yeye mwenyewe." Kwa mwalimu Kabeya lilikuwa jambo zito. Mtu huyo mpole, ambaye watoto wa shule walimwibia chaki mbele ya macho yake, hakuvumilia kabisa umpe mtu kazi ya mkono wa mtu mwingine. Siku moja jirani alisikia kwa dirisha akasema hao ni Wazungu fulani wa kanisani. Mwalimu alizima redio, akatoka nje na kandambili zake, akamfundisha pale barabarani mpaka yule jirani akaomba msamaha kwa kosa ambalo hakulielewa. Donc, basi, na Paluku vilevile, hakumwachia. Mpaka siku moja tuko katikati ya kula, Paluku akaweka bundu chini. "Ni yeye moja," akasema. "Mukono ya kushoto inachelewaka kidogo. Ku ngoma inachelewa, ku chuma inachelewa, na ni kuchelewa kwa namna moja." Mwalimu alichukua kipande cha nyama kwenye sahani yake akakiweka kwenye sahani ya Paluku, na siku hizo nyama haikuwa kitu cha kugawa.

Ndipo Paluku alipoanza kutengeneza yake. Karakana ilikuwa imejaa malame, zile springi za magari yaliyokufa kwenye matope ya njia ya Manguredjipa, na mabomba, na vipande vya nondo za fer à béton. Alikata, akapiga tupa, akasikiliza, akapiga tupa tena. Vyuma alivitundika kwa kamba juu ya mbao mbili, na chini ya kila kimoja akaweka mkebe wa maziwa ya unga, mtupu, ili sauti ipate nyumba. Ngoma alikuwa nazo za ngozi na moja ya pipa. Mama hakufurahi. "Hizo chuma zenu zitatuletea basoda ba bunduki," alisema akipita na ungo. Mama hakuingia kwenye kile chumba hata Jumapili moja. Kwake kelele yote iliyotoka nyuma ya nyumba, iwe ni redio ya mwalimu, iwe ni Paluku na nyundo zake, ilikuwa kitu kimoja na aliipa jina moja: chuma za Paluku. "Leo chuma za Paluku zimelia vizuri," alikuwa anasema mara moja moja, akidhani hatusikii, na tulicheka kwa sababu siku hiyo Paluku hakuwa hata nyumbani.

Jumapili moja mwalimu aliona ameiva. Akabeba redio mpaka karakana. Kaseti ile, upande wa kwanza alikuwa ameuvunja kijino cha plastiki zamani ili pasiwe na mtu wa kurekodi juu yake. Upande wa pili hakuuvunja, maana mwishoni ulikuwa na nafasi tupu. Akaitafuta ile nafasi, akabonyeza kitufe chekundu, akaweka kidole mdomoni. Paluku akaanza kwenye ngoma, polepole. Kisha mvua ikaanza juu ya bati, ile mvua ya kwetu isiyobisha hodi. Nikadhani basi, imeharibika. Paluku aliacha kupiga. Alisimama na vijiti vyake akasikiliza mvua, muda mrefu, mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Halafu akahamia kwenye vyuma akapiga noti moja, akaingoja, akapiga nyingine, na mvua ikawa ndiyo ngoma. Hakuwa anamwiga yule mtu. Alikuwa amejifunza kwake kungoja, basi, na yaliyobaki yalikuwa yake. Tuliporudisha tukasikiliza, alijificha uso kwenye mkono wa shati. Mwalimu akafuta miwani. "Sasa," akasema, "ku kaseti yetu kuko batu babili."

Sitasema mengi juu ya Beni. Mkubwa mmoja wa waasi kule alitaka sikukuu, akatafuta wapiga muziki, na mtu fulani wa Kimemi akamtaja Paluku. Mama alikataa. Paluku akakaa chini karibu na jiko, akaongea naye kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda mtoni. "Iko batterie ya kweli kule, mama. Ya dukani. Sijagusaka hata siku moja." Kaka yangu alikwenda kucheza mbele ya watu wa bunduki kwa sababu walikuwa na ngoma ambazo hazikutengenezwa kwa pipa. Alifika, akapiga, akapanda lori kurudi, na kwenye msitu kabla hawajatoka upande wa Beni lori likapigwa risasi. Nani alipiga, kila mtu alisema wake. Walimrudisha Beni, wakamzika huko, kwa sababu njia ilikuwa imefungwa na maiti haingoji njia. Dereva alikuja kutuambia, mkono umefungwa kwa kitambaa, akakataa chai. Nilimfuata mpaka barabarani. "Alipiga?" nikamuuliza. "Alipiga, sista. Basoda balitaka ndombolo, akabapigia ndombolo." "Na ile yake?" Dereva akanitazama kwa huruma, kana kwamba nimechanganyikiwa na kilio. "Ile gani?"

Matanga tuliyafanya Butembo bila maiti. Na hapa ndipo anaingia baba mdogo Kasereka. Ndugu zetu wa upande wa mama walikuwa Manguredjipa, bibi yetu alikuwa huko, mzee, na hakuna aliyeweza kutoka. Sasa wakati ule wa njia kukatika watu walikuwa na desturi: kama ndugu hawawezi kufika kwenye matanga, matanga yanawafikia. Mnarekodi kaseti. Mkubwa wa familia anaeleza kifo kilivyokuja, kila mtu anajitaja jina na kusalimu, mnaimba, mnaomba, halafu mfanyabiashara mmoja anayetembea kwa mguu anaibeba kaseti msituni mpaka huko, na huko wanakaa kuizunguka redio wanalia nanyi. Redio ilikuwa pale, mwalimu ameileta mwenyewe kwa ajili ya nyimbo za kanisa, na kaseti yake imebaki ndani. Baba mdogo akajaribu upande wa kwanza, kitufe kikakataa. Akageuza, akasikiliza kidogo. "Hii ni kengele tu," akasema, akairudisha mpaka mwanzo ili apate nafasi, na akabonyeza.

Mimi nilikuwa natoka nyuma na beseni la maharagi. Nikasikia, "Allô, allô, un, deux," na nikaona taa nyekundu. Mwalimu Kabeya alikuwa kwenye benchi kati ya wanaume, miwani mkononi. Alikuwa ameinuka nusu. Tukatazamana, kisha akakaa tena. Kwetu mtu anayesema maneno ya matanga hakatwi, hata akikosea, hata akirudia. Na kumkata wakati kaseti inazunguka ni mabaya zaidi, maana wale wa mbali watasikia ugomvi ndani ya nyumba ya marehemu, na maneno hayo hayatatoka tena kwenye ukoo. Yeye alikuwa mgeni, Muluba, hana ndugu hata mmoja pale. Mimi nilikuwa msichana mwenye beseni. Nikapiga hesabu: Paluku yuko mwishoni mwa upande. Kuna nyimbo za yule Mumarekani kwanza, ziende tu, zote ziende. Baba mdogo akisema kwa kifupi, Paluku anapona.

Baba mdogo hakuwa mtu wa kifupi. Alisalimu bibi, akasalimu wajomba mmoja mmoja na wake zao. Alieleza lori, alieleza njia, alieleza vita tangu ilipoanza. Na uchungu wangu ni huu, alisema vizuri. Alilia kwa kweli. Alisema, "Mutoto huyu alikuwa anapiga ngoma. Butembo muzima, nani hajamusikia?" na wanaume wakaitikia, na mimi nilikuwa natazama magurudumu mawili ya kaseti, moja linanona, lingine linakonda. Nikaweka beseni chini. Nilipofikiri amemaliza, alimwita shangazi aimbe. Baada ya shangazi, katekista na sala yake. Bado kulikuwa na utepe kidogo kwenye gurudumu, bado labda ile noti ya mwisho, labda mvua tu. Ndipo baba mdogo akasema mama mzazi naye aseme neno. Wakamshika mama mabega wakamleta. Aliinama juu ya redio, akafungua mdomo, akasema, "Paluku." Hakuweza zaidi. Alilia pale juu ya kaseti mpaka kitufe kikaruka chenyewe.

"Imejaa," baba mdogo akasema. "Vizuri sana. Imetosha kabisa."

Kaseti ilikwenda Manguredjipa. Mwalimu aliitoa pamoja na upande wake wa kwanza, vyote alivyokuwa navyo vya yule mtu. Ilirudi wakati viazi vilikuwa vinatolewa, imefungwa kwenye jani na karatasi, imejaa moshi wa nyumba za huko. Juma hilo hilo mama aliniita. Tulikuwa kwenye chumba cha mwalimu. Ilikuwa mara ya kwanza nimwone mama ameingia humo, ameketi kwenye kitanda, mikono kwenye kitenge. "Masika, niwekee kaseti. Hapana ile ya kilio. Niwekee ile Paluku anapiga. Nilisikia mulimukamata ku kaseti ile siku ya mvua." Nilikuwa na kaseti mkononi. Ningemwambiaje? Kwamba tulimlilia mtoto wake juu ya mtoto wake mpaka akaisha, na wa mwisho kumfuta ni yeye? Mwalimu Kabeya akaichukua polepole mkononi mwangu. Akaiingiza kwa upande wa kwanza, akabonyeza.

Ulikuwa ule wimbo wa ngoma na vyuma pamoja. Mama alisikiliza kwa kichwa kilichoinama. Yule Mumarekani akaanza, akaacha, akagusa, akangoja. Uso wa mama ukafunguka. "Njo yeye," akasema. "Sikia. Njo mukono yake." Nikamtazama mwalimu, mtu aliyemfuata jirani mpaka barabarani. Akavua miwani. "Ndiyo, mama," akasema. "Ni yeye." Mama akanyosha kidole kwenye redio. "Na huyu anayepiga chuma?" "Ni yeye vilevile. Alipiga ngoma kwanza, kisha akarudia akapiga chuma." "Yeye peke yake?" "Peke yake, mama." Mama akalia, lakini si kilio cha matanga. Alikuwa anajivuna. Kaseti ilipofika mwisho aliomba irudishwe.

Njia ya Kasai ilipofunguka, mwalimu aliondoka na sanduku lake na mashati yake. Redio na kaseti aliviacha kwenye kitanda cha mama. Miaka mingi baadaye nilisikia amekufa kwao, na sijui kama aliwahi kumpata tena yule mtu wake. Mama alisikiliza mpaka utepe ukaanza kuvuma. Alisikilizisha wamama wa kanisa, alisikilizisha wajukuu. Baba mdogo Kasereka alikuwa anakuja siku za sikukuu, anakunywa kasiksi yake ya ndizi, anatikisa kichwa kwa sifa. "Si nilisema ku matanga? Nani hajamusikia?" Mimi nilikuwa napeleka vyombo jikoni. Jina la yule Mumarekani ninalijua, mwalimu alilitaja kila Jumapili. Sitaliandika. Santuri zake zote ziko ndani ya simu sasa, kila kitu alichogonga maishani mwake kimehifadhiwa, hata alipokosea. Zamani hilo lilinitia hasira. Leo si hilo linalonitesa. Kinachonitesa ni hiki: nikifunga macho nimtafute kaka yangu, ninapata karakana, ninapata mvua juu ya bati, ninamwona amesimama na vijiti vyake anangoja. Nami namngoja. Kisha mkono wa kushoto unaingia, umechelewa kidogo, na si wa Paluku.